Meza ya Saba

Ukitaka kumjua fundi wa nguo usimtazame usoni. Geuza nguo aliyoshona, uitazame kwa ndani. Kwa nje kila fundi ni hodari, pasi inaficha mengi.

Kulikuwa na mama mmoja aliyeshonea kwenye kibaraza cha duka la misumari na rangi, ng'ambo ya lango la shule ya msingi, na nguo zake ukizigeuza hukuti hata uzi mmoja unaning'inia. Sare zote za shule ile zilipita mikononi mwake. Kila gauni na kila suruali aliiachia pindo la vidole vinne, akalikunja kwa ndani, ili mtoto akirefuka mama yake afumue tu na maisha yaendelee. Mafundi wenzake waliacha kidole kimoja, mwaka ukigeuka wazazi wanarudi kushonesha upya. Walimcheka, wakamwambia anajifukuzia wateja mwenyewe. Akawajibu, “Mimi nashonea watoto, sishonei maiti. Maiti ndiyo hairefuki.” Basi akaitwa Mama Pindo, na jina alilopewa na baba yake likasahaulika hata na yeye mwenyewe.

Mdomo alikuwa nao, tena wa kukodisha. Mzazi akichelewa kuchukua sare alikuwa akimpokea kwa, “Karibu, mtoto keshaoa?” Lakini watu walirudi kwake, maana maneno yake yaliishia masikioni na nguo zake zilidumu mwilini.

Alizaliwa vichochoro viwili kutoka hapo, na mama yake pia alizaliwa hapo hapo. Aliyekuja ni babu yake, mzaa mama, aliyevuka mpaka na kundi la vijana kuja kuvunja mawe ya barabara kuu. Barabara ilipokwisha, wasimamizi walipanda magari yao wakaondoka kwa barabara hiyo hiyo, na wavunja mawe wakabaki kandokando yake kama mabaki ya kazi. Wenyeji wakawaita watu wa kokoto. Jina hilo halikuwa la mapenzi. Sokoni mtu akikanyagwa husema, “Angalia unapokwenda, kokoto wewe!” Basi watoto wa wale vijana wakajifunza kunyamaza. Wakaacha lugha yao, wakaacha majina yao, wakaoa na kuolewa kimya kimya, mpaka ikawa hata wao kwa wao hawajuani.

Mama yake Mama Pindo, ambaye sasa nyumba nzima ilimwita Bibi, alimlea kwa sheria moja. “Ukiulizwa wa wapi, sema wa hapa hapa. Akirudia kukuuliza, muulize yeye wa wapi.”

Darasa la nne Mama Pindo aliacha shule, Bibi alipoumwa mgongo, akapelekwa kwa fundi mmoja mwanamke kuokota pini sakafuni. Akaokota pini miaka miwili kabla ya kuruhusiwa kushika mkasi. Akaolewa na utingo wa lori. Siku moja mume aliondoka na shehena ya saruji. Saruji ilifika, mume hakufika. Walioulizwa walisema amepata mwanamke mwenye duka. Mama Pindo alisema heri kwake, labda huko atajifunza kufunga mlango. Binti yake wa kwanza aliolewa mbali. Akabaki na Bibi, ambaye mgongo ulimweka kitandani siku nyingi, na kitinda mimba wake, msichana wa miaka kumi na mitatu, ambaye wote walimwita Kitinda.

Huyo Kitinda ndiye alikuwa roho ya mama yake. Tangu darasa la tatu hakuwahi kuwa wa pili. Mwenye duka la misumari alikuwa akimwita amkagulie hesabu za mabati, kisha analalamika kwamba mtoto hana adabu, anamsahihisha mbele ya wateja. Mwaka huo Kitinda alikuwa darasa la mwisho, na mtihani wa mwisho ndio mlango wa sekondari. Hakuna dirisha. Mama Pindo alikuwa haombi kitu kingine kwa Mungu. Afya aliacha iende ilivyotaka, mume alishamsamehe. Mtihani tu.

Mwaka huo huo ukaja waraka shuleni.

Aliyeuleta kibarazani ni Mwalimu wa Sanaa, msichana mwenye miwani mikubwa, moyo wake mweupe kama chaki, na kama chaki ulivunjika upesi. Alivuka barabara na furushi la vitambaa kifuani.

“Shikamoo, Mama Pindo. Nina kazi ya watu.”

“Marahaba. Kazi zote ni za watu, mwalimu. Ng'ombe hawavai.”

Mwalimu akacheka, akaeleza. Kila shule inatakiwa kuandaa Siku ya Sote. Jamii zote za mji zionyeshe mavazi yao na nyimbo zao, watoto wajadiliane kuhusu haki na usawa, wazazi waje, na wakubwa kutoka ofisi ya elimu waje. Kila jamii na meza yake. Shule itakayokusanya jamii nyingi zaidi itapewa kabati la vitabu na kuwa mfano kwa wengine.

“Sisi tumepata meza sita,” mwalimu akasema. “Shule ya kule stesheni wana sita pia. Tukipata ya saba tumewashinda.” Akashusha sauti. “Hivi hapa kwetu watu wa kokoto hakuna kabisa?”

Mguu wa Mama Pindo ukasimama juu ya kanyagio la cherehani. “Waulize wenye mawe.”

“Mama, simlaumu mtu. Najua wanajificha kwa sababu wameitwa vibaya. Lakini siku hii imewekwa kwa ajili hiyo hiyo. Mtoto asimame aseme, nyumbani kwetu ni hapa na mababu walitoka kule, na watu wote wampigie makofi. Mambo yamebadilika.”

“Yamebadilika lini? Mbona sikusikia mbiu?”

Mwalimu aliacha vitambaa na vipimo, akaondoka.

Siku ya pili Kitinda akaja mbio wakati wa mapumziko, na karatasi mkononi. Juu iliandikwa Fomu ya Asili ya Familia. Kila mzazi ajaze, ili shule ijue nani akae meza gani.

“Andika wa hapa,” Mama Pindo akamwambia bila kuinua kichwa.

“Kila mtu ni wa hapa, mama. Fomu inauliza kabla ya hapa.”

“Kabla ya hapa ulikuwa tumboni. Andika hivyo.”

Kitinda hakucheka. Akakaa kwenye kigoda, akaanza kuchambua vifungo kwenye kopo. “Bibi anapopanga vikombe anahesabu kwa lugha gani?”

“Bibi mzee, anajisemea.”

“Jana yule wa dawati la nyuma aliniita kokoto, kwa sababu nilimkanyaga tu. Darasa zima likacheka.” Akatupa kifungo ndani ya kopo. “Na mimi nikacheka nao, mama. Nikacheka zaidi ya wote, ili wasijue.”

Hapo ndipo Mama Pindo aliposhindwa. Angesema amepigwa, angekwenda shuleni na mkasi mkononi. Angesema amelia, angemfuta machozi. Lakini mtoto kucheka! Yeye mwenyewe alikuwa amecheka hivyo miaka arobaini, akijua kila jino lilivyouma.

“Lete kalamu,” akasema.

Wazazi wengine walijaza jina la mtoto na jina la jamii, basi, mistari mingine wakaiacha ikiwa mitupu. Fomu ya sherehe, nani ana muda? Lakini Mama Pindo hakuwahi kutoa nguo yenye mkono mmoja. Aliujaza kila mstari, kwa herufi zake kubwa za darasa la nne. Familia ilitoka wapi: Ng'ambo ya mpaka. Ilikuja lini: Babu alikuja kuvunja mawe. Hati mlizo nazo: Hakuna. Uraia wa mzazi: hapo akasita, hakuwahi kuulizwa, hakujua kama kitu hicho mtu anazaliwa nacho au anakwenda kukichukua mahali. Akaandika: Bado. Akatia saini yenye mkia mrefu.

Jioni akamweleza Bibi.

“Umeandika?” Bibi akauliza kutoka kitandani.

“Nimeandika, mama.”

“Kwa wino?”

“Kwa wino.”

Bibi akageukia ukuta. “Mdomo huponza kichwa, mwanangu. Wino je?”

“Mambo yamebadilika, mama.”

“Wanasema mgeni siku mbili, ya tatu mpe jembe. Sisi nyundo tulipewa siku ile ile ya kwanza. Hiyo siku ya tatu haijafika mpaka leo.”

Ikabaki shida ya vazi. Jamii sita zilileta picha na vipande vya nguo za zamani, fundi akashona kwa kufuata. Ya saba haikuwa na picha. Akamuuliza Bibi wanawake wao walivaa nini.

“Walivaa vumbi,” Bibi akasema.

“Na kabla ya vumbi?”

“Kabla ya vumbi mimi sikuwapo.”

Basi mwanamke yule akakaa kwenye cherehani yake akawatungia watu wake vazi. Alichukua pazia la kijivu lililobaki kwa mteja, akashona gauni refu lenye bega moja, akalipamba kifuani kwa vifungo vyeupe ishirini ambavyo vilikuwa vimekaa koponi bila kazi kwa sababu vilikuwa na tundu moja badala ya mawili. Alipomaliza alilitundika, akasimama mbali, akalitazama. Likawa zuri kuliko yote sita. Akajisikia aibu kidogo, kama mtu aliyejipigia makofi mwenyewe.

Siku ya Sote ikafika. Uwanja wa shule ukafunikwa turubai, meza za darasani zikavalishwa vitambaa, kipaza sauti kikapiga yowe mpaka watoto wadogo wakaziba masikio. Ukutani maandishi makubwa: Tofauti Zetu, Nguvu Yetu. Afisa wa elimu akapita meza hadi meza, mikono nyuma, akitikisa kichwa kama mnunuzi asiyetaka muuzaji ajue amependa. Alipofika meza ya saba akasimama.

“Hivi vifungo vina maana gani?” akauliza.

Mwalimu wa Sanaa akamtazama Mama Pindo. Mama Pindo akatazama turubai.

“Nadhani ni machozi ya wahenga,” afisa akajijibu mwenyewe, na mwandishi wake akaandika.

Kisha Kitinda akaitwa mbele. Hakuwa na wimbo, maana wimbo haukubaki. Akashika kipaza sauti kwa mikono miwili.

“Wageni wetu, mmekuja leo kwa barabara kuu. Mawe yake aliyavunja babu wa mama yangu na wenzake. Kama hamkuyumba njiani, basi mmeshaiona mila yetu.”

Uwanja ukalipuka kwa makofi. Yule wa dawati la nyuma naye akapiga. Afisa akamwita mama mtu mbele, akampa mkono, akasema, “Tunajivunia watu kama ninyi.” Wakapigwa picha, mtoto katikati na vazi lake la pazia. Shule ikatangazwa ya kwanza, meza saba.

Siku hiyo Mama Pindo alirudi nyumbani kupitia sokoni, akatembea katikati ya njia. Jirani yake muuza mkaa, aliyeishi naye ukuta kwa ukuta miaka ishirini, mwanamke aliyemshika mgongo siku anamzaa Kitinda, alimpigia ukelele kutoka kwenye banda lake.

“Haya, mke wa afisa! Kuanzia leo tukusalimie kwa miadi?”

“Kwa barua, jirani. Na nakala tatu.”

Mama Mkaa akacheka, lakini kicheko chake kilikatika mapema. Mama Pindo hakukiangalia hicho. Alikuwa na furaha, na furaha ni kama upofu, tofauti ni kwamba haina fimbo.

Wiki tano baadaye Mwalimu Mkuu akamwita. Mwalimu Mkuu alikuwa mtu asiyemtazama mtu machoni, alizungumza na meza yake.

“Orodha ya watahiniwa imerudi kutoka juu,” akaiambia meza. “Jina la binti yako limepigwa mstari.”

“Mstari wa nini?”

“Mwaka huu wamekagua mafaili. Mtoto ambaye fomu yake inaonyesha familia imetoka nje, lazima alete uthibitisho kwanza.”

“Fomu ipi? Ile ya sherehe?”

“Ile.”

“Ya meza na nyimbo?”

“Najua, mama.”

“Mimi nimezaliwa hapo nyuma ya choo cha shule yako! Wewe mwenyewe suruali uliyovaa nimeishona mimi!”

“Najua, mama,” Mwalimu Mkuu akasema, na safari hii alitazama suruali. “Lakini ile fomu iliingia kwenye faili. Mimi siwezi kuitoa. Nakala ilikwenda ofisini pamoja na picha, kwa ajili ya ile zawadi. Una siku tisa.”

Akaenda ofisini. Alivaa viatu vya ibada, akapanga foleni tangu asubuhi, akafika dirishani saa sita mchana. Karani alikuwa na faili la Kitinda mbele yake, na ukutani nyuma ya kiti chake ilikuwa imetundikwa picha ya Siku ya Sote, kwenye fremu.

“Mwandiko huu ni wako?”

“Wangu.”

“Kuna aliyekulazimisha?”

“Niliombwa.”

“Kuombwa si kulazimishwa. Hapa umesema mmetoka ng'ambo ya mpaka. Hapa umesema hati hakuna. Hapa kwenye uraia umeandika ‘bado’. Bado nini, mama?”

“Bado sijaulizwa.”

Karani akamtazama kama anataka kucheka, akaacha.

“Mtoto mwenyewe ni huyo hapo ukutani,” Mama Pindo akasema. “Geuka umwone. Bosi wako ndiye aliyempa mkono.”

Karani akageuka, akaitazama picha kwa makini. “Amependeza,” akasema, akarudi kwenye karatasi zake.

“Ile ilikuwa sherehe, mwanangu!”

“Sherehe ilikwisha. Fomu haichezi ngoma, mama.”

Akamweleza yanayotakiwa. Ama karatasi ya kuingilia ya babu yake. Ama shahidi mmoja asiye ndugu, aliyekuwapo mtoto anazaliwa, aje aape. Na huyo shahidi naye ajaze fomu ya asili, na vyeti vyake, ili ijulikane anayeapa ni nani. Mwisho ni Ijumaa. Pasipo hivyo mtoto hafanyi mtihani, wala mwaka huu wala mwaka ujao, mpaka suala lake liamuliwe, na kuamuliwa hakuna tarehe.

Karatasi ya babu! Babu aliingia na nyundo.

Mwalimu wa Sanaa alilia kwanza, kisha akaenda mwenyewe kwa afisa wa elimu kusema fomu zile alizigawa yeye, kwa ajili ya kupanga meza tu. Akaambiwa asichanganye kazi ya sanaa na mambo ya ofisi. Akarudi, akasimama kibarazani bila kukaa.

“Mama, nichome kwa pasi,” akasema.

“Pasi yenyewe haina moto,” Mama Pindo akamjibu. Alitaka kumchukia yule binti, akashindwa. Ni vigumu kumchukia mtu aliyekusukuma shimoni huku anaamini anakuonyesha njia.

Mkunga alikwisha kufa. Mume alikuwa kwa yule mwanamke wake mwenye duka, popote hapo palipo. Akabaki mtu mmoja. Jumatano Mama Pindo akaingia kwenye banda la mkaa.

“Jirani, Ijumaa nakuomba twende pamoja ofisini. Useme ulichokiona tu. Kwamba mvua ilikuwa inanyesha, mkunga mbele, wewe mgongoni kwangu, na mtoto akatoka humu humu ndani ya mji huu.”

Mama Mkaa akaendelea kujaza debe. “Nikisema hivyo inatosha?”

“Na ujaze fomu.”

“Fomu gani?”

“Ya asili.”

Mama Mkaa akaweka koleo chini. Akaenda mpaka mlangoni, akachungulia nje, akausukuma mlango ukafunga. Kisha akarudi kwenye debe, akachukua vipande vya mkaa, akaanza kuvipanga sakafuni kimoja kimoja, akihesabu. Hakuhesabu kwa Kiswahili. Alihesabu mpaka kumi, polepole, na hakukosea hata mahali ambapo Bibi hukosea.

Mama Pindo akakaa juu ya gunia.

“Wewe pia.”

“Baba yangu na babu yako walilala kambi moja,” Mama Mkaa akasema. “Tangu siku mliyohamia nilijua. Nilimsikia mama yako anapanga vikombe.”

“Miaka ishirini, na hukuniambia!”

“Wewe uliniambia?”

Nje mtu akabisha kuuliza mkaa, Mama Mkaa akasema hakuna.

“Binti yangu yumo kwenye orodha,” akasema. “Namba yake ya mtihani imetoka, ameiandika mpaka kwenye mlango wa choo. Kwenye ile fomu ya sherehe niliandika jina tu na jamii ya mume wangu, nikaacha. Nikienda kukuapia, wataniuliza cheti cha baba. Cheti cha baba yangu kiko chini ya lami, dada. Watakosa wawili badala ya mmoja.”

Mama Pindo alikuwa na maneno. Alikuwa na maneno ya kumtosha kila mtu mji mzima, ya akiba na ya siku hiyo. Akayatafuta mdomoni, akayakuta yote, na hakuna hata moja lililokuwa na anwani ya mwanamke huyu. Maana angekuwa yeye, na Kitinda yumo kwenye orodha, angesema hivyo hivyo, na pengine asingefunga mlango.

“Uza mkaa wako,” akasema akinyanyuka. “Wateja wanaondoka.”

Ijumaa ikaja, ikapita.

Bibi hakusema “nilikwambia”. Angesema, ingekuwa afadhali, wangegombana na siku ingekwisha. Alimwita tu Kitinda akamwomba amkune mgongo, na alipokunwa akaushika mkono wa mtoto asiuachie mpaka usingizi ulipomchukua.

Kitinda aliendelea kwenda shule. Walimu walimwacha akae nyuma, hakuna aliyekuwa na uso wa kumfukuza. Alijibu mitihani ya miaka iliyopita pamoja na wenzake, na akawa wa kwanza, na hawakusoma jina lake. Kabati la zawadi likafika na vitabu vyake, likawekwa ofisini kwa Mwalimu Mkuu, likafungwa. Wiki ya mtihani, madawati yakapangwa mbali mbali na kila moja likaandikwa namba kwa chaki. Kitinda alizunguka darasa zima akizisoma. Kisha akavuka barabara.

“Mama, nikijibu huku nje, kwenye daftari langu, hawawezi kunisahihishia?”

“Hawawezi.”

“Wasiniandikie maksi. Waangalie tu.”

“Hawawezi, mwanangu.”

Akaivua sare nyumbani, akaifua, akaianika. Alipoikunja ilikuwa bado na unyevu kidogo. Kesho yake akakaa kwenye cherehani ya pili, ile mbovu inayokata uzi.

Siku ya pili ya mtihani ilikuwa ya hesabu. Wasimamizi huletwa kutoka shule za mbali, wasimjue mtoto yeyote. Wakati wa mapumziko mmoja wao, kijana aliyevaa tai, alivuka barabara kwa hatua fupi fupi, faili amelikinga mbele ya kiuno.

“Mama, nisitiri! Zipu imeachia. Nina dakika ishirini.”

Mama Pindo alikuwa na pini mdomoni. Alimwonyesha kwa kidole aingie ndani ya duka, akamrushia kitambaa ajifunge, akampa Kitinda suruali. Kitinda akafumua zipu iliyokufa, akapima mpya, akaanza. Yule msimamizi alisimama nyuma ya makopo ya rangi, miguu mitupu, na kama ilivyo kwa mwanamume asiye na suruali, akawa na maneno mengi.

“Mwaka huu hesabu imewatoa watoto jasho! Kuna swali la tangi, nimeona mtoto analia kabisa.”

“Tangi gani?” Kitinda akauliza, macho kwenye sindano.

“Siruhusiwi kusema.” Akafikiri. “Lakini wewe si mtahiniwa, nikikwambia si kosa. Bomba moja linajaza tangi kwa saa kumi. Jingine linalijaza kwa saa kumi na tano. Yakifunguliwa yote mawili pamoja, tangi litajaa kwa saa ngapi?”

Cherehani ikazunguka mpaka mwisho wa zipu. Kitinda akasimamisha gurudumu kwa kiganja.

“Sita.”

Msimamizi akacheka kwa mshangao. “Haki ya Mungu, ni sita! Wewe uko darasa la ngapi?”

Kitinda akakata uzi kwa meno.

“Nimemaliza.”

“Na ulifaulu?”

Mama Pindo akazitema pini kiganjani, moja moja. Alimtazama yule kijana, akamtazama binti yake aliyekuwa akijaribu zipu, juu, chini, juu.

“Vaa nguo yako, mwalimu,” akasema. “Kengele italia.”

Akavaa, akashukuru, akavuka barabara anatembea kama mtu. Kengele ikalia. Lango likafungwa kwa ndani. Kitinda akakusanya vipande vya uzi vilivyoanguka sakafuni, akaviviringa kidoleni, akauliza nguo inayofuata ni ya nani.